Gemu la Mabomu na Mguu wa Baba Mdogo

Kama ulimaliza kidato cha nne mwanzoni mwa miaka ya 2000, halafu nyumbani wakakwambia usikae bure, nenda kozi ya kompyuta wakati unasubiri matokeo, basi mimi na wewe ni ndugu. Na hili gemu unalijua hata kama jina lake limekutoka. Viboksi vya kijivu vimepangwa kama vigae vya sebuleni, kauso ka njano kanacheka pale juu, ukibonyeza inatokea namba. Ukibonyeza vibaya, jamani! Kauso kanakufa, macho yanakuwa alama mbili za mkasi, na mabomu yote yaliyokuwa yamejificha yanajitokeza kwa mpigo kama wadai wa mwisho wa mwezi.

Jina lake rasmi ni Minesweeper. Sisi kule kwenye kozi, Mwenge, tuliliita gemu la mabomu na mambo yakaishia hapo. Hukulinunua wala hukuliomba kwa mtu. Ulilikuta tu ndani ya Windows, jirani na ile ya karata. Mwalimu wetu, kijana mmoja mtanashati ambaye mashati yake yalipigwa pasi mpaka yanakaribia kukata, alituruhusu kulicheza dakika kumi kabla ya somo. Alisema mkono lazima uzoee kipanya kwanza, mengine yatafuata. Na kusema ukweli alikuwa sahihi. Kitufe cha kushoto unafungua kiboksi, cha kulia unapandisha kibendera chekundu mahali unapohisi pana bomu. Wiki moja tu mkono ulikuwa mwepesi, hata wale waliokuwa wanakishika kipanya kama wameshika kaa la moto.

Kwa ambaye hajawahi kulicheza, kanuni ni fupi. Namba unayoifungua inakwambia ni mabomu mangapi yamekizunguka kile kiboksi, pande zote nane. Ukiona moja, basi jirani zake wanane, mmoja wao ni muuaji. Kazi yako ni kulinganisha namba hii na ile mpaka umjue. Kiwango cha wanaoanza, kwenye zile Windows 98 zetu, kilikuwa viboksi 64 na mabomu 10. Cha mabingwa ni viboksi 480 na mabomu 99, yaani karibu kiboksi kimoja katika kila vitano kinakusubiri.

Sasa wengi wanadhani kitu hiki kilizaliwa Microsoft. Wapi! Microsoft walikipokea kikiwa kimeshatembea nchi na nchi.

Mwaka 1973 huko Marekani, David Ahl alikusanya michezo ya kompyuta kwenye kitabu, 101 BASIC Computer Games, na humo kulikuwa na mchezo unaoitwa Cube, uliotungwa na Jerimac Ratliff. Usifikirie picha wala rangi. Kompyuta nyingi za wakati ule zilikujibu kwa maandishi tu, mengine yakichapwa kwenye karatasi kama risiti ya dukani. Unaambiwa uko kwenye kona ya mchemraba wenye vyumba 27, tatu kwa tatu kwa tatu, na lazima ufike kona ya pili. Vyumba vitano vina mabomu ya kutegwa. Unaandika unataka kwenda chumba gani, halafu unasubiri jibu. Na unaweka dau! Unaanza na dola 500 za mchezo. Namba za kukuonya hazikuwepo kabisa, ndiyo maana nasema Cube ilikuwa kamari tu.

Namba zilikuja Uingereza mwaka 1983. Ian Andrew alitengeneza gemu liitwalo Mined-Out kwa ajili ya ZX Spectrum, kompyuta ndogo ya nyumbani ambayo magemu yake yalikuja kwenye kaseti, zilezile za kusikilizia taarab. Likatolewa na kampuni ya Quicksilva. Humo unakuwa mtu mdogo chini ya skrini na unatakiwa kupita kwenye uwazi ulioko juu. Kila hatua unaambiwa mabomu mangapi yako jirani yako. Hapo ndipo kubahatisha kukawa kufikiri. Ila Andrew hakuishia kwenye hesabu, aliweka na watu. Hatua za mbele unakuta wasichana wamekwama katikati ya mabomu na unawaokoa (wanaume bwana, hata kwenye kompyuta lazima waokoe msichana), na mwishoni kabisa anayekungoja ni Bill, ambaye ni mnyoo. Ndiyo, mnyoo. Ukilipuka, mchezo unakurudishia njia yote uliyopita, hatua kwa hatua, uone ulivyokwenda.

Mwaka 1985 likaja Relentless Logic, la kompyuta za ofisini, lililotengenezwa na watu watatu: Conway, Hong na Smith. Hapa wewe ni askari wa majini wa Marekani, umebeba ujumbe, unatakiwa ufike kituo cha kamanda kona ya pili. Namba zipo, na safari ipo.

Naomba uliangalie jambo moja hapo. Katika haya matatu yote kuna mtu anayetembea. Kuna mahali anapotoka na mahali anapokwenda, na kwenye mawili ya mwisho kuna mwenzake anayemsubiri upande wa pili. Akisimama, amesimama mahali. Akitaka kurudi, anarudi alikopita.

Halafu ikaja 1990. Ndani ya Microsoft, Curt Johnson alikuwa na gemu lake la mabomu la mfumo mwingine wa kompyuta, na mwenzake Robert Donner akalichukua na kulihamishia kwenye Windows. Likatoka mwaka huo kwenye mkusanyiko wa magemu uliouzwa kando, Windows Entertainment Pack. Mpaka leo watu wanabishana kama asili yake ni lile la Andrew au la, na sitaki kuamua ugomvi wa watu. Ninachokiona ni kwamba mtembeaji hayupo tena. Hakuna askari, hakuna msichana, hata mnyoo kaondolewa. Umebaki wewe, uko juu kama mwenye ndege, unagusa ardhi kwa kidole cha mtu mwingine. Unafungua kona ile, unaruka kona hii, hakuna anayekudai ufike popote. Kazi ni kusafisha tu mpaka kauso kavae miwani ya jua. Kingine ni kwamba kubonyeza kwa mara ya kwanza hakukuui kamwe. Ukiangukia bomu mara ya kwanza, kompyuta yenyewe inalihamisha kimyakimya bila kukwambia. Huruma hiyo niliijua baadaye sana.

Kama gemu hili lilikushika ukajiona huna akili, jipe moyo. Bill Gates mwenyewe lilimshika. Ilifika mahali akalifuta kwenye kompyuta yake ili afanye kazi, halafu akawa anaibukia kwenye ofisi ya Mike Hallman, aliyekuwa rais wa Microsoft, kulicheza huko. Tajiri mkubwa vile, ananyemelea kompyuta ya mwenzake kama mtoto anayenyemelea sukari! Mwezi Aprili 1992 wakaliingiza moja kwa moja ndani ya Windows 3.1, na kuanzia hapo likaingia kila ofisi duniani, zikiwemo zile kompyuta za mitumba za Mwenge.

Hata wanahisabati hawakusalimika. Mwaka 2000 Richard Kaye wa Chuo Kikuu cha Birmingham alithibitisha kwamba kujua kama mpangilio fulani wa namba na bendera kwenye uwanja huo unawezekana au la ni katika yale maswali magumu kabisa ya hesabu za kompyuta. Ukipata njia ya haraka ya kulijibu kila mara, kwa uwanja wa ukubwa wowote, utakuwa umejibu swali ambalo taasisi ya Clay ya Marekani iliahidi dola milioni moja kwa atakayelijibu, na hela hiyo bado ipo. Siku nyingine bosi akikukuta nalo mezani, mwambie hivyo.

Na nyumbani kwangu pia limeleta yake. Mume wangu ni mtu wa bendera. Kila bomu analolijua lazima alipandishie bendera, tena kwa utaratibu, kama anapiga mhuri. Mimi siweki hata moja. Najua liko wapi, nalipita, naendelea. Yeye anasema nacheza kama naendesha bila kuwasha indiketa. Mimi namwambia anapoteza muda. Miaka minane ya ndoa sasa, na ukituangalia kwenye bili za umeme, kwenye ada, hata kwenye kupanga safari ya Krismasi, ni hivyohivyo. Yeye anaandika, mimi nakumbuka kichwani. Ukitaka kumjua mchumba wako, shoga yangu, achana na mambo ya nyota, mpe hili gemu nusu saa ukae pembeni.

Lakini aliyenionyesha gemu hili ni nini hasa ni baba mdogo.

Ilikuwa 2004. Baba mdogo anaishi Songea, na mwaka ule alikuja Dar kubadilisha mguu wa bandia, maana wa zamani ulikuwa umemchoka, ukimtoa vidonda. Akafikia kwetu. Siku moja akitokea kliniki akaona Mwenge si mbali, akapitia kunichukua tuondoke pamoja. Nikamsikia kabla sijamwona, ule mwendo wake, hatua nzito na hatua nyepesi, kwenye korido ya sakafu ya saruji.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mama. Hicho ni nini?"

Nikamweleza. Haya ni mabomu yamefukiwa, unatafuta yako wapi bila kuyakanyaga. Nilitamka neno "kuyakanyaga" nikausikia ulimi wangu unakuwa mzito, lakini lilikuwa limeshatoka. Yeye hakubadilika uso. Akavuta kiti, akakaa, akaunyoosha ule mguu mpya mbele.

"Na hizo namba?"

"Zinakwambia mabomu mangapi yako jirani."

"Nani anaziweka?"

"Kompyuta."

Akatikisa kichwa taratibu. "Sisi hatukuwekewa namba," akasema.

Hapa nirudi nyuma kidogo kwa wasomaji wadogo. Vita ya Msumbiji ya baada ya uhuru ilianza 1977 ikaisha 1992. Miaka ya 1980 wanajeshi wetu walikwenda kuisaidia serikali ya kule, wengine wakakaa mkoa wa Zambezia mpaka mwishoni mwa 1988. Baba mdogo alikuwa mmoja wao. Alikuwa wa tatu kwenye mstari wa watu watano, wanakwenda kuchota maji asubuhi, njia ambayo jana yake waliipita. Wawili waliomtangulia walikanyaga wakapita salama. Nyumbani hadithi hii tunaijua mpaka hapo tu; kinachofuata huwa anakiruka na kuanza kusimulia hospitali, na kwamba wauguzi wa Kimsumbiji waliongea Kiswahili cha ajabu lakini walikuwa na roho nzuri.

Siku ile aliomba kujaribu. Nikamshikisha kipanya, nikamwonyesha vitufe. Alicheza polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Kabla ya kila kiboksi alihesabu kwa midomo. Alipandisha bendera, akaishusha, akaipandisha tena. Darasa likatoka, mwalimu akaanza kufunga madirisha, baba mdogo bado yupo. Mabomu tisa alikuwa ameshayajua. Vikabaki viboksi viwili kwenye kona, na bomu moja.

Kama umecheza unajua hali hiyo. Wakati mwingine uwanja unakufikisha mahali ambapo namba zote zimekwisha kusema zilichonacho, na bomu linaweza kuwa huku au kule, nusu kwa nusu. Akili haikusaidii tena. Wachezaji wakubwa wanalalamika kuhusu hilo kila siku.

"Hapa?" akaniuliza.

"Hapo unabahatisha tu, baba mdogo."

"Mimi sibahatishi. Nataka kurudi nyuma. Kitufe cha kurudi kiko wapi?"

Nikamwambia hakuna. Akaniangalia akidhani namtania. Jeshini, akasema, kitu cha kwanza unachofundishwa ukijikuta uko katikati ya mabomu ni kusimama, kisha urudi kwenye nyayo zako zilezile. Gemu gani lisilo na nyayo? Akaondoa mkono kwenye kipanya, akajishika mezani, akainuka. Tukatoka hivyo hivyo, saa ya pale juu bado inahesabu sekunde.

Hakuwa na hasira, na wala hakunikataza. Niliendelea kulicheza na mpaka leo nalicheza. Ila nilipokuja kusoma historia yake, miaka mingi baadaye, niligundua kwamba mzee alikuwa ametaja kwa dakika chache mambo mawili ambayo kwa watunzi wa magemu yalichukua miaka. Kuvuka bila namba, ndiyo Cube ya 1973. Kurudi ulikopita, ndiyo wale watembeaji wa 1983 na 1985, waliokuja kuondolewa.

Hakuwa peke yake pia. Miaka hiyohiyo kule Italia kulikuwa na kampeni ya kutaka gemu hili lipigwe marufuku, kwa hoja kwamba ni matusi kwa watu waliokatwa na mabomu ya ardhini. Wakapendekeza mabomu yabadilishwe yawe maua. Na walisikilizwa: toleo la Kiitaliano likaitwa Prato fiorito, yaani uwanda uliochanua, na Windows Vista ilipotoka 2007 mchezaji aliweza kuchagua maua badala ya mabomu. Mwaka 2012, na Windows 8, likaacha kuja lenyewe ndani ya kompyuta, ukilitaka unalipakua.

Nawaheshimu wale Waitaliano. Tena mkataba wa amani wa Msumbiji ulisainiwa kwao, Roma, tarehe 4 Oktoba 1992, miezi sita tu baada ya Windows 3.1. Lakini hayo maua hayajawahi kuniingia akilini. Ua linakuuaje? Nilimweleza baba mdogo habari hiyo, akacheka mpaka akakohoa. Akasema afadhali libaki bomu, angalau mtoto anajua anachotakiwa kuogopa.

Msumbiji ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu ya ardhini yaliyojulikana mwezi Septemba 2015, miaka 23 baada ya ule mkataba. Na hapa kuna sehemu yetu Watanzania ambayo hatuitangazi vya kutosha. Baadhi ya waliofanya kazi ile walikuwa panya. Panya buku kabisa, wale wakubwa wa mashambani, waliofundishwa Morogoro kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na shirika la Kibelgiji la APOPO, lililokuwepo hapo tangu 2000. Wanafundishwa tangu wadogo kwa sauti ya "klik": wakinusa baruti, klik, wanapewa chakula. Kwa hiyo ndiyo, hata wao kazi yao ilianza na kubonyeza kwa mtu. (Kipanya na panya, nilijizuia kulisema hili tangu mwanzo nimeshindwa.)

Eneo linagawanywa viboksi kwelikweli. Panya anafungwa mkanda kifuani, kamba inavutwa kati ya watu wawili, anapita mstari mmoja, anahamia wa pili, mpaka kiboksi kiishe. Masikio yanapakwa mafuta ya kuzuia jua. Akisikia harufu anakwaruza ardhi, na kwa kuwa ni mwepesi bomu halilipuki. Uwanja wa ukubwa wa kiwanja cha tenisi anaumaliza kwa nusu saa. Mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kuchukua mpaka siku nne, kwa sababu kifaa kinapigia kelele kila msumari.

Aliyevuma kuliko wote ni Magawa, mzaliwa wa Morogoro mwaka 2013, aliyepelekwa Kambodia. Septemba 2020 shirika la wanyama la PDSA la Uingereza lilimpa medali ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alikuwa amegundua mabomu ya ardhini 39 na silaha nyingine 28 ambazo hazijalipuka. Alistaafu 2021, akafa Januari 2022. Rekodi yake imeshapitwa na Ronin, naye wa kwetu, aliyefikisha mabomu 109 kufikia 2025.

Siku ile habari ya medali ilipotoka nilimpigia baba mdogo Songea, nikamsomea yote. Alitaka kujua mambo kwa mpangilio wake.

"Uzito wake?"

"Kilo moja na kidogo."

"Na anakwenda mbele ya watu au nyuma?"

"Mbele, baba mdogo. Yeye ndiye wa kwanza."

Kimya kidogo. Nikasikia kuku wake nyuma.

"Akilipata wanampa nini?"

"Karanga na ndizi."

"Ndizi mbivu," akauliza, "au za kupika?"